Kiti Namba 114

Funguo zake ninazo mimi, Numbi, muuza tikiti:
kumi na tisa katika waya mmoja,
na tatu kati ya hizo hazifungui kitu chochote duniani.

Alishuka stesheni na treni ya Sakania,
Mwamerika mweusi, Lemueli Hadli,
koti la sufu katika jua la mwezi wa kumi.
Alisema: kwetu Memfisi niliendesha jumba la viti elfu mbili,
pazia lake zito, wanaume wanne kulivuta.
Nani angembishia? Memfisi ni mbali,
na sisi tulikuwa na ghala la unga tu,
la Mgiriki aliyefilisika, pale Kamalondo.

Hakupanda jukwaani hata siku moja.
Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma, karibu na mlango,
kuhesabu migongo.
"Sura ina adabu, itakudanganya.
Tazama mgongo. Ukilegea, mchezo umekufa."

Kiswahili chake alikiokota mumu humu mitaani:
"Numbi, leo kuko batu ngapi?"
Arobaini, Meneja.
"Na benye balilipa?"
Kumi na moja. Na mmoja ameleta kuku.
Kuku akaandikwa daftarini, safu ya mapato:
kuku mmoja, mwekundu, hai.

Asubuhi alifagia mwenyewe.
Alianzia jukwaani akarudi kinyumenyume hadi mlangoni,
asiache alama ya kiatu,
ufagio ukipita chini ya viti kwa mkono mmoja,
mwepesi, kama unaijua njia.
Tulidhani ni unyenyekevu.

Usiku ule umeme ulipokatika,
Mama Kilufya amepiga magoti, kisu mkononi,
Meneja alitamka neno moja gizani:
"Kofia."
Wachimbaji wa Jekamini, waliopita kwetu kabla ya zamu,
safu tatu za mwisho,
wakawasha taa za vichwani mwao.
Kisu kikashuka katika mianga thelathini,
na kila aliyetikisa kichwa kwa uchungu
alitikisa jukwaa zima.

Kisha ukaja mwaka wa uporaji.
Walibeba pazia, nyaya, hata bakuli la choo.
Viti mia mbili na arobaini
viliondoka juu ya vichwa vya majirani zetu.
Alikuwa na miaka sitini na daftari.
Akaenda baa kwa baa, Katuba, Kenya, Ruashi,
akiagiza munkoyo asiounywa,
akiinama kupapasa namba chini ya viti vya walevi.
"Hiki utaniuzia ngapi?"
Hakumwita mtu mwizi.
Alirudisha themanini na saba.
Cha mia moja kumi na nne hakukipata.
Alikitaja hospitalini, siku mbili kabla:
"Mguu wa kushoto una ufa, Numbi. Mtu ataanguka."

Barua ya dada yake ilifika tumeshaondoa matanga.
Mchungaji alitusomea, mimi na fundi wa taa, Mutonkole,
akisimama kila mstari kama mtu anayevuka matope:
*Asanteni kwa kumzika.
Mnamwita meneja; sikujua.
Hapa alifagia jumba la michezo miaka sita,
usiku, akiingia kwa mlango wa nyuma.
Mlango wa mbele haukuwa wetu.
Hakuwahi kuona mchezo hata mmoja hadi mwisho.*

Mutonkole alitaka kuichoma.
Alilia, akasema ametudanganya miaka arobaini.
Nikamwambia: nipe hesabu ya uongo huo.
Weka michezo, weka kofia, weka viti themanini na saba.
Hakujibu. Alikwenda kukaza balbu iliyokuwa imekazwa tayari.

Barua nimeibandika daftarini,
safu ya mapato, chini ya kuku.

Leo jioni tunacheza.
Nimeamka alfajiri, nimeanzia jukwaani,
narudi nyuma polepole, mgongo wangu kwa mlango.
Nikifika pale pa mia moja kumi na nne
siinami.
Ufagio unapita wenyewe.